Hata Damu Yako Inaweza Kukuambukiza

"Damu ni ya mgonjwa mwenyewe, itamdhuruje?" Dai hili naliogopa kuliko mengine, maana linaingia akilini upesi. Mwaka 2018, huko Albuquerque, New Mexico, wakaguzi waliingia kwenye spa moja isiyo na leseni iliyokuwa ikitibu nyuso kwa chembe sahani za damu ya wateja wenyewe. Walikuta mirija ya damu isiyo na majina juu ya kaunta ya jikoni, mingine ndani ya friji pamoja na chakula, na sindano zilizokwisha kufunguliwa. Baadhi ya wateja waliambukizwa VVU. Mrija ukikosa jina, nani ataapa kwamba damu iliyomo ni ya huyu aliyelala kitandani?

Wengine husema dawa inayotengenezwa kwa chembe sahani za wachangiaji damu, ikishagandishwa kwa baridi kali na kuchujwa, imetakasika. Sivyo kabisa. Kugandisha na kuyeyusha hupasua chembe sahani ili zitoe vichochezi vya ukuaji, protini zinazohimiza seli kugawanyika na kidonda kufunga. Virusi vya homa ya ini hustahimili baridi hiyo. Kichujio cha mikroni 0.2 hunasa bakteria, lakini VVU, ambavyo upana wake ni kama mikroni 0.1, hupenya. Kupima wachangiaji ni lazima, ila aliyeambukizwa juzi anaweza kuonekana mzima. Ndiyo maana maabara makini huongeza kiyeyushi na kemikali ya aina ya sabuni, vikabomoa utando wa mafuta wa VVU na wa virusi vya homa ya ini B na C, kisha kemikali hizo huondolewa. Virusi visivyo na utando, kama vya homa ya ini A, havidhuriki kwa njia hii. Vinahitaji hatua nyingine.

Chembe sahani zilizopita muda, je, ni uchafu? Hapana. Benki ya damu huzihifadhi siku 5 hadi 7 tu, kwenye nyuzi 20 hadi 24, joto ambalo bakteria hulipenda. Zikipimwa na kukutwa safi, vichochezi vyake bado hukuza seli maabara, badala ya seramu ya ndama waliotolewa tumboni.

Na dai kwamba chembe sahani "huponya kila kidonda"? Mwaka 2021 bima ya Medicare ya Marekani ilikubali kulipia chembe sahani za mgonjwa mwenyewe kwa vidonda sugu vya kisukari. Lakini mguu usiofikiwa na damu unahitaji kwanza daktari wa mishipa.