ELISHA ALIENDA MPAKA KWENYE CHEMCHEMI

 

Wiki iliyopita nilikaa kando ya kitanda cha mtoto wa mshirika wetu. Daktari alikuwa amebadilisha antibiotiki mara tatu. Tuliomba, Mungu akatenda, na mtoto yuko nyumbani. Lakini nilirudi na swali: mbona dawa zinashindwa?

Mpendwa, soma 2 Wafalme 2:19-22. Mji wa Yeriko ulikuwa mzuri lakini maji yalikuwa mabaya. Elisha hakuwaambia watu wavumilie. Alichukua chumvi, akaenda mpaka kwenye chemchemi yenyewe.

Sasa tuangalie mito yetu hapa Migori. Mawe ya dhahabu yanasagwa, yanachanganywa na zebaki, na maji ya kuoshea yanateremka mtoni. Zebaki ni sumu. Hudhuru ubongo wa mtoto hata akiwa tumboni. Tena huua bakteria dhaifu na kuwaacha wale wenye kinga. Wataalamu wamegundua kwamba mara nyingi kinga ya zebaki na kinga ya antibiotiki hubebwa pamoja, na bakteria mmoja humpa mwenzake. Kwa hivyo mto unaweza kulea vijidudu sugu hata kama hakuna aliyetupa kidonge ndani. Ongeza choo kinachovuja na dawa tunazomeza nusu dozi, shida inazidi. Mwaka 2019 pekee, vijidudu sugu viliua moja kwa moja watu wapatao milioni 1.27 duniani.

Sisemi mto ndio uliomfanya mtoto yule augue. Hilo sijui. Nasema hatuwezi kuendelea kuwaombea wagonjwa huku tukichafua maji wanayokunywa.

Na hapa niseme ukweli. Wengine wenu mnachimba dhahabu. Sadaka ya Jumapili hutoka huko pia, na mimi nimenyamaza kwa sababu hiyo. Nisameheni. Katika Ezekieli 34:18 Mungu anawakemea kondoo wanaokunywa maji safi kisha kuyavuruga yaliyobaki kwa miguu yao.

Ndugu mchimbaji, sikufukuzi. Najua una karo ya kulipa. Lakini usioshee dhahabu mtoni. Chimba kidimbwi mbali na mto, na mjifunze pamoja njia za kupata dhahabu bila zebaki. Mama, chemsha maji ya kunywa. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi zebaki, kwa hivyo ukiweza vuna maji ya mvua. Usinunue antibiotiki bila kupimwa, na ukiandikiwa, fuata dozi jinsi daktari alivyosema.

Imani iliyomtuma Elisha kwenye chemchemi ndiyo tunayohitaji. Jumapili baada ya ibada tutakaa na wachimbaji wetu tuzungumze. Njoo.

Baba, ponya maji yetu, na uanze na mioyo yetu. Andika AMINA, kisha mtumie jirani anayeishi kando ya mto.