Sabufa Haijavujisha Paa la Mtu

Jumapili iliyopita mhubiri mmoja mgeni alisimama mbele yetu hapa Gorong'a, Tarime, akatueleza kwa nini tunanyeshewa. Tunanyeshewa, alisema, kwa sababu hatujui kujizuia. Mtu anauza mahindi, anapita mnadani, macho yanaangukia sabufa, anailipia bila kufikiri, kisha anakwenda kuiweka chini ya paa linalovuja. Jizuieni, wekeni akiba, mtajenga. Waumini walicheka mpaka wakajifuta machozi. Vicheko havijatulia, likapita kapu la mchango wa spika mpya za kanisa.

Nilitoa. Sina ugomvi na spika. Ugomvi wangu ni na hii imani iliyozagaa redioni, kwenye semina za ujasiriamali na mdomoni mwa kila shemeji aliyehamia Mwanza, kwamba mtu hana nyumba nzuri kwa sababu ya tamaa zake ndogo ndogo. Haya, tuichukue hiyo sabufa inayosimangwa. Bei yake haipiti sana mabati matano au sita ya geji 30. Nyumba ya vyumba vitatu inataka zaidi ya thelathini, hapo hujagusa mbao, misumari wala kofia. Aliyejizuia kununua sabufa, basi, ameezeka banda la kuku.

Na hata hilo banda hataliezeka. Hapa ndipo wahubiri wa akiba wanaponichosha. Pesa uliyojinyima haijipeleki dukani yenyewe. Inabaki mfukoni au kwenye simu, na pesa ya kijijini ina ndugu. Ina binamu aliyelazwa Bugando, ina msiba wa upande wa mama, ina kadi ya harusi, ina ada ya mtoto wa dada, ina ng'ombe mmoja aliyepungua kwenye mahari ya mdogo wako. Ikifika Desemba, msimu wa tohara, ina ukoo mzima. Utamwambia nani kwamba pesa ipo ila ni ya paa? Mura, jaribu uone baba mkubwa atakavyokutazama.

Bati halina ndugu. Sijamwona shangazi aliyekuja alfajiri kuazima nusu bati. Mgeni akiyakuta mabati yameegemea ukuta anajua pesa imeshakwisha, anakunywa chai yake, anaaga.

Kwa hiyo mimi nasema tusijizuie hata kidogo. Tununue kwa pupa ileile ya sabufa. Siku ya kuuza mahindi pitia duka la vifaa vya ujenzi kabla hujafika nyumbani, chukua mabati mawili, na kama hayawezekani chukua kilo moja ya misumari. Anayesubiri pesa itimie ndipo anunue, atasubiri mpaka wajukuu wake nao waanze kusubiri.

Wanawake wa Kenya ya kati walishalijua hili miaka ya 1960 na 1970. Vikundi vyao viliitwa vya mabati: wote wanachanga, yananunuliwa ya mmoja, zamu ijayo ya mwingine, mpaka nyasi zinatoka juu ya nyumba zao. Hawakukaa kuhubiriana juu ya tamaa. Waligeuza pesa kuwa bati kabla waume zao hawajaiona rangi yake.

Twende Nyamongo. Tegesha, yaani kujenga harakaharaka ili ulipwe fidia, siitetei, lakini itazameni vizuri. Watu waliposikia kwamba mgodi wa North Mara ungechukua eneo na kulipa fidia, nyumba zilisimama haraka kuliko mahindi. Ni watu walewale wa Tarime tunaoambiwa hatuna nidhamu ya fedha. Hakuna aliyewahubiria, wala hakuna aliyeweka kibubu. Walikuwa na sababu ya kununua bati leo na si mwakani, wakalinunua.

Nimeshajibiwa kwamba mabati yakikaa yataibwa. Tarime hii! Mwizi aliyezoea kuswaga ng'ombe wanaotembea kwa miguu yao mpaka ng'ambo ya mpaka, eti ashuke cheo aanze kubeba bati kichwani usiku wa manane, likigonga kila tawi njiani. Mbwa wa vijiji vitatu watamsindikiza.

Wengine husema Mkurya wa huku kwetu hakuzoea kujenga kwa sababu roho yake iko kwa ng'ombe. Wawaulize wazee wa Serengeti waliohamishwa kwenye Operesheni Vijiji mwaka 1974. Ng'ombe alitembea na mwenye mali, ukuta wa udongo ukabaki. Ukishaonyeshwa hivyo mara moja, nawe utaweka mali yako kwenye kitu chenye miguu. Bati angalau linang'olewa misumari, linapakiwa.

Na huko kwenye simu tunakohimizwa kuweka akiba, ndiko ilikoingia tozo ya miamala Julai 2021, hadi shilingi 10,000 kwa muamala mmoja, mpaka kelele za wananchi zikaipunguza. Bati la ukutani halikatwi kitu. Labda nauli: boda kukupakilia mabati kutoka Tarime mjini kwa barabara zetu za masika ni bei ya kuchukiza, na hilo nalo hakuna mhubiri aliyeligusa.

Kikundi chetu cha kuweka na kukopa kinagawana mwisho wa mwaka. Nilipendekeza kwamba safari hii kila mwanachama agawiwe mabati badala ya noti. Mwenyekiti alisema hoja ni nzuri, itajadiliwa. Iliyojadiliwa na kupitishwa siku hiyohiyo ni ya vitenge vya sare vya sherehe ya kugawana.