Saizi ya matiti haipigiwi kura

Wadau, kaeni chini. Leo sina muziki nyuma, sina filta, na najua inboksi itajaa matusi. Sawa tu.

Wiki jana dalali mmoja alinitafuta. Namuita dalali kwa sababu hiyo ndiyo kazi yake: anaunganisha wasichana wa Kenya na kliniki ya upasuaji huko nje, halafu anakula kamisheni. Ofa yake ilikuwa tamu. Naongezwa matiti kwa nusu bei, tiketi ya ndege ni juu yao, na mimi narekodi safari yote, kuanzia uwanja wa ndege hadi siku bandeji inatoka. Sharti lilikuwa moja. Niweke kura kwa ukurasa wangu, nyinyi wafuasi mnichagulie saizi: 350, 450 ama 550.

Sitawadanganya, nilifikiria siku tatu. Kifua changu kimekaa kama ubao tangu darasa la saba, na tangu nianze kuposti hamjaacha kunikumbusha. Nikaanza hata kuangalia ni nguo gani nitavaa kwa video ya "baada".

Halafu nikasoma. Ndio, mimi niliyeacha chuo mwaka wa pili. Kusoma hakuhitaji kitambulisho cha mwanafunzi.

Hiyo namba wanayowauzia, 350 ama 450, ni cc. Cc moja ni mililita moja. Basi. Ni kipimo cha ujazo, vile soda ya chupa ni 300 na pakiti ya maziwa ni 500. Haikuambii umbo, haikuambii upana, haikuambii utavaa sidiria gani. Chukua soda moja umwage kwa sahani, halafu chukua nyingine kama hiyo umwage kwa bilauri. Ujazo ni uleule, lakini moja imelala na nyingine imesimama. Vipandikizi ni hivyo hivyo. (Na nikisema vipandikizi simaanishi vile vya kupanga uzazi vinavyowekwa kwa mkono, msianze.) Kuna cc 300 pana na bapa, kuna cc 300 nyembamba inayotokeza mbele, na katikati kuna zingine.

Kwa hivyo daktari anayejua kazi haanzi na cc. Anaanza na rula. Anapima upana wa titi lako kwa sentimita, kutoka karibu na mfupa wa katikati ya kifua hadi upande wa kwapa. Anapima kutoka chuchu hadi mkunjo wa chini. Anavuta ngozi aone inanyooka kiasi gani. Anafinya nyama ya juu ajue uko na unene gani wa kufunika hicho kitu. Ikiwa ni chini ya sentimita 2 hivi, wengi hupendelea kukiweka chini ya msuli ili kingo zisionekane. Titi la upana wa sentimita 11 likiwekewa kipandikizi cha sentimita 14, hizo tatu zitaenda mahali. Zitaingia kwapani, ama viwili vitasukumana katikati hadi ngozi iinuke kama hema. Na weka cc 400 kwa msichana mwembamba, weka cc 400 kwa msichana mwenye mabega mapana: mmoja atanunua nguo upya, mwingine ni kama hajafanya kitu.

Sasa niambieni, nyinyi mlionitumia moto na viazi kwa komenti, mmeona upana wa mbavu zangu kwa simu?

Hata ile ya "niwekee D" haisimami. Sidiria ya 34D na ya 38D hazibebi kiasi sawa. Kila mtu aliyewahi kuchimba mitumba tao Eldoret anajua: unachukua mbili zimeandikwa namba moja, ya kwanza inakunyonga, ya pili inakuachia nafasi ya kuweka simu.

Nikaamua kujaribu mwenyewe. Wikendi nikaenda nyumbani Chepsaita, nikaomba mwenye duka anipimie mchele gramu 450 mara mbili. Jeli ya silikoni ina uzito wa karibu gramu moja kwa cc, kwa hivyo hapo nilikuwa na 450 zangu za kura. Nikatia mchele kwa soksi ndefu, nikafunga mafundo, nikavaa sidiria ya michezo. Karibu kilo moja kifuani. Kwa kioo nilikuwa moto, nakubali. Nilipiga picha kumi na nne.

Halafu nikaishi nazo. Niliteka maji. Niliinama kufagia boma, nikahisi shingo. Nilipanda boda kutoka Turbo, na kila shimo la barabara lilikuja na salamu zake. Wageni wanaijua Chepsaita kwa mbio za nyika, na hapa hata mtoto anayechunga ng'ombe anakuangalia mguu unavyotua. Nilijaribu kukimbia mwendo wa kuitikia simu tu. Nikasimama nimeshika kifua kwa mikono miwili, na kijana wa jirani akaniuliza kama nimeumwa na nyuki.

Simona Halep, yule mchezaji tenisi wa Romania, alipunguzwa matiti mwaka 2009 akiwa na miaka 17 kwa sababu yalimzuia kucheza. Akashinda Roland Garros 2018 na Wimbledon 2019. Mimi sichezi tenisi, lakini mnaelewa. Mwili uko na kazi zingine mbali na kupigwa picha.

Kabla sijazitoa, senge aliingia. Ni dada ya baba. Titi lake la kushoto lilitolewa kwa sababu ya saratani, na kila asubuhi anakunja kitambaa anakiweka kwa sidiria. Akaniuliza, "Ni nini hiyo umeweka?" Nikamwambia kila kitu, ofa, kura, namba. Alicheka hadi akatafuta kiti. Kisha akasema, "Mimi ningetaka moja tu. Na ningetaka ilingane na hii mwenzake." Akaenda kuweka chai.

Saa kumi jioni nilitoa soksi zangu. Mchele tulipika. Kama ingekuwa silikoni, ningekuwa bado nimeibeba nikiandika hii.

Najua jibu lenu kubwa, limeandikwa mara mia: "Walioenda na saizi ndogo wanajuta, enda kubwa mara moja." Hapo kuna ukweli, sitauficha. Kutaka kubadilisha saizi ni moja ya sababu kubwa za wanawake kurudi kwa upasuaji wa pili, na wengi wao walitamani kubwa zaidi. Lakini fikirieni hizo njia mbili. Ukienda ndogo ukajuta, nafasi ya kuongeza bado iko. Ukienda kubwa kuliko nyama yako, uzito unavuta, unakonda ngozi, unasukuma mkunjo wa chini ushuke, na hata ukikitoa kipandikizi ile ngozi hairudi ilivyokuwa. Majuto ya kwanza yana dawa. Ya pili yanaacha alama. Na kumbuka wanaokuambia "enda kubwa" hawatalala na mgongo wako.

Kuna kitu kingine kura haiulizi: ndani kuna nini? Kule Ufaransa kulikuwa na kampuni inaitwa PIP. Ilikuwa inajaza vipandikizi vyake silikoni ya viwandani, si ya hospitali, na ikaviuza duniani hadi vikaondolewa sokoni mwaka 2010. Mwenyewe, Jean-Claude Mas, alihukumiwa kifungo mwaka 2013. Mwaka 2019 Allergan nao waliita vipandikizi vyao vya ganda la kukwaruza virudishwe, dunia nzima, kwa sababu vilihusishwa na aina nadra ya saratani ya limfu. Hawa ni wakubwa wa hiyo biashara. Dalali wangu alinitajia hoteli, alinitajia kifungua kinywa, alinitajia hadi rangi ya gauni la hospitali. Jina la kampuni iliyotengeneza kipandikizi sikulisikia hata mara moja.

Na hakunitajia mwaka wa sita. FDA, wale wa chakula na dawa wa Marekani, waliweka onyo kali kwa vipandikizi vyote mwaka 2021: hivi si vitu vya maisha yote, na kadiri unavyokaa navyo ndivyo uwezekano wa shida unavyopanda. Kwa vile vya silikoni wanasema upigwe picha ya ndani, MRI ama ultrasaundi, mwaka wa tano ama wa sita, halafu kila baada ya miaka miwili ama mitatu, hata kama huhisi kitu. Nusu bei ya leo, sawa. MRI ya mwaka wa sita nani analipa? Nyinyi wapiga kura mtachanga?

Halafu nyinyi wa upande wa pili, msidhani nimehamia kwenu. Nyinyi mnaoandika "Mungu hakukosea" chini ya kila picha. Wengi wenu mna meno ya bandia, miwani na wigi. Mimi sipingi upasuaji. Msichana mzima akikaa chini, akapimwa, akaambiwa ubaya na uzuri, akalipa pesa zake, huo mwili ni wake, na senge akipata nafasi yake nitamsindikiza nikibeba mkoba. Ninachopinga ni mnada. Na mnaoona haya kuongea ndio mnawaacha wadogo zenu wafundishwe na madalali, kwa sababu hakuna mtu mwingine anayewajibu.

Lakini hasira yangu kubwa ni kwetu sisi watengeneza kontenti. Mwaka 2022 Vera Sidika alitangaza kwamba ametoa makalio ya bandia kwa sababu ya shida za kiafya. Watu wakalia naye, wakamwombea, wasichana wakaandika kwamba wameacha mpango wao. Baadaye akasema ilikuwa kiki ya wimbo. Simchukii, kiki ni kazi, nami nimeshapiga zangu. Lakini tuliona kwamba hata hofu ya upasuaji inauzwa, na tangu hapo msichana akisikia onyo la kweli anauliza, "Ni wimbo gani unatoka?" Hata mimi leo mtaniuliza. Sina wimbo.

Oktoba 2024 mwanamke mmoja alikufa Nairobi baada ya kufanyiwa upasuaji wa kutoa mafuta mwilini, na kliniki ikafungwa. Haikuwa matiti, najua. Lakini kwa wiki mbili kila mtu mtandaoni alikuwa daktari, na wiki ya tatu matangazo ya "mwili wa Desemba" yakarudi. Kutafuta jina la daktari kwa tovuti ya KMPDC, baraza linalosajili madaktari hapa Kenya, kunachukua bando kidogo kuliko kuangalia video yangu moja. Huko nje nako kila nchi ina watu wanaosajili. Uliza.

Hii tabia ya kukuchagulia mwili haikuanza na simu. Mwanamke wa kwanza kuwekewa vipandikizi vya silikoni anaitwa Timmie Jean Lindsey, Houston, Texas, mwaka 1962. Alikuwa ameenda hospitali kutolewa tatuu kifuani. Madaktari ndio waliomuuliza kama angependa matiti makubwa. Yeye alikuwa anawaza masikio, alitaka yarudishwe nyuma yasisimame. Wakakubaliana: masikio watamtengenezea, na matiti pia. Niliposoma hapo niliweka simu chini kidogo, kwa sababu ni kama nilikuwa nasoma inboksi yangu.

Jana dalali alirudi. "Umeamua, mrembo?" Nikamwandikia kwa adabu kabisa, kwamba nina swali moja kabla ya kura: huyo daktari wenu atapima upana wa kifua changu kabla aniambie saizi, na akipata kwamba 350 ni kubwa kwangu, atakataa?

Alikaa dakika kumi na moja. Niliziona zile nukta tatu zikicheza, zikipotea, zikirudi. Kisha jibu likaingia.

"Ofa inaisha Ijumaa."