Programu Huria na Kabati Lisilofungwa

Miaka michache iliyopita nilikuwa nikitafuta muhtasari wa somo katika tovuti ya chuo kimoja. Nilipofuta sehemu ya mwisho ya anwani, ilitokea orodha ndefu ya mafaili, na miongoni mwake lilikuwamo faili la alama za wanafunzi pamoja na namba zao za simu. Sikuvunja mlango wowote. Kabati lilikuwa wazi. Nilipomwarifu mhusika alinijibu kwa utulivu: "Programu tunayotumia ni huria, Daktari, ndiyo maana mambo yake yako wazi."

Jibu hilo linachanganya mambo mawili ambayo shule zetu hazina budi kuyatenganisha mapema. Tuichukue programu iitwayo Apache iwe mfano wetu.

Apache ni seva, yaani programu ipokeayo maombi ya kurasa za tovuti na kuyajibu. Asili yake ni seva aliyoiandika Rob McCool katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani. McCool alipoondoka chuoni hapo mwaka 1994, kazi ya kuiendeleza ilizorota. Watumiaji waliokuwa wakirekebisha kasoro zake, kila mmoja kwake, waliungana mapema mwaka 1995 na kukusanya marekebisho yao pamoja. Toleo la kwanza kwa umma lilitoka Aprili mwaka huo, na mwaka uliofuata Apache ilikuwa seva iliyotumika kuliko zote katika mtandao. Hayo yaliwezekana kwa kuwa kila mtu aliruhusiwa kuyasoma maagizo ya programu, kuyasahihisha na kuyagawa. Huo ndio uhuria. Unahusu maagizo ya programu, wala hauhusu hata kidogo mafaili tunayoyahifadhi humo.

Ni nani basi anayeamua mafaili yapi yaonekane? Ni mtunzaji wa seva. Katika faili la maandishi ya kawaida yeye huandika amri za kila saraka, na amri ya saraka moja hurithiwa na saraka zilizo chini yake mpaka itanguliwe na nyingine. Mtu akiomba saraka isiyo na ukurasa wa mbele, ambao kwa kawaida huitwa "index.html", seva hutazama kama neno "Indexes" limeruhusiwa. Likiwa limeruhusiwa, hutengeneza orodha ya vilivyomo na kumkabidhi mwombaji. Likiwa limekatazwa, humjibu kwamba amezuiwa.

Faili la mfano linalokuja na Apache 2.4 lafaa kusomwa darasani. Kwanza hufunga mfumo wote wa mafaili wa kompyuta, kisha hufungua saraka ya tovuti. Huo ni utaratibu wa busara. Lakini ndani ya saraka hiyo iliyofunguliwa neno "Indexes" limeruhusiwa, na asiyelisoma faili hupokea busara na hatari kwa pamoja.

Tena, kuzuia orodha peke yake hakutoshi, kwa maana ajuaye jina la faili aweza bado kuliomba na akapewa. Alama za wanafunzi ziwekwe nje kabisa ya saraka ya tovuti, au zilindwe kwa amri ya kukataza wasiohusika.

Wako watakaosema kwamba dawa ni kununua programu ambazo maagizo yake yamefichwa. Siafikiani nao. Programu hizo nazo zina mipangilio yake, na mtunzaji mzembe atakosea humo vilevile. Apache humpa mwanafunzi wa kidato cha tatu nafasi ya kujifunza bila kulipa ada, hata kwa kompyuta kuukuu isiyounganishwa na mtandao. Kuitupa nafasi hiyo kwa sababu ya uzembe wetu ni kujipunja wenyewe.

Hapa Tanzania tulitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Ni hatua njema, lakini sheria haiwezi kuandika amri katika faili la seva. Kazi hiyo itafanywa na vijana walioko madarasani leo, ambao kesho watakabidhiwa seva za hospitali, benki na halmashauri.

Kwa hiyo nawasihi walimu wenzangu wa sekondari watenge vipindi viwili kwa jambo hili. Wekeni Apache katika kompyuta moja, tengenezeni saraka yenye mafaili ya majaribio, kisha wanafunzi waitazame kabla ya kulikataza neno "Indexes" na baada ya kulikataza. Halafu waliombe faili moja kwa jina lake, wajionee kuwa bado linapatikana. Mwishowe walihamishie mahali salama. Mwanafunzi aliyeyaona hayo kwa macho yake hatasema kamwe kwamba alama za wenzake zilikuwa wazi kwa sababu programu ni huria.