MWALIMU NAYE AMECHOKA (Kutoka 17:12)



Wiki hii mwalimu mmoja wa kanisa letu aliketi ofisini kwangu akalia. Amenipa ruhusa niwaambie. Ana vipindi kama wenzake, na juu yake amepewa ushauri nasaha wa shule nzima. Aliniambia, "Pasta, mtoto ananiambia hataki kuishi, halafu kengele inalia, natakiwa darasani. Usiku silali."

Nilitaka kusema "Tuombe" na kuishia hapo. Nikakumbuka kosa langu.

Miaka iliyopita, mwalimu alimwita mama mmoja akamwambia kijana wake amenyamaza, hali, hajali masomo. Mama akamleta kwangu. Nikasema ni roho ya uvivu, nikaomba, nikamwambia apuuze maneno ya shule. Kijana akazidi kuzama. Ni mwalimu yule aliyesisitiza apelekwe hospitali. Leo kijana yuko hai. Mwalimu, kama unasoma hapa, nisamehe.

Eliya alipoomba afe (1 Wafalme 19), malaika hakumkemea. Alimpa mkate na maji, akalala tena, akapewa tena. Maneno yalikuja baadaye.

Na mikono ya Musa ilipochoka, Haruni na Huri hawakuishia kumwombea. Walimtafutia jiwe akalie, wakaishika mikono yake mpaka jua likatua.

Sheria ya elimu ya 2013 inakataza kumtesa mwanafunzi, kwa mwili au kwa akili. Ni sawa kabisa. Lakini tulipomwambia mwalimu aweke kiboko chini, tulimpa nini mkononi? Tumemwachia mzigo wa nyumba zetu, kisha matokeo yakiwa mabaya tunamlaumu.

Kwa hivyo:

Mzazi, ukiitwa shuleni, nenda mwenyewe. Usitume shangazi.

Washauri nasaha na wauguzi mlio kanisani, nitafuteni baada ya ibada Jumapili. Nitamwona mwalimu mkuu ili mmoja wenu awe anafika kila wiki, akiturusu.

Waombaji, endeleeni kuomba. Kisha mpigie mwalimu mmoja simu, umuulize yeye analalaje.

Na wekeni namba 116 kwenye simu zenu. Ni ya bure, ya kusaidia watoto.

Baba, washike walimu wetu, na ututumie sisi kuwashika. Katika jina la Yesu, amina.

Mbarikiwe.