Nairobi hadi New York: Mbona kwenda ni masaa 15, kurudi ni 14?

Umbali ni uleule, takriban kilomita 11,800. Lakini ndege ya moja kwa moja ya Kenya Airways hutumia kama masaa 15 kutoka Nairobi hadi New York, na karibu 14 kurudi. Hiyo saa moja inakwenda wapi?

Upepo

Juu sana angani, kilomita 9 hadi 12 kutoka ardhini, kuna upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Anayekwenda Marekani anaupinga, anayerudi unamsukuma. Majira ya baridi upepo huo huongezeka nguvu, na tofauti nayo inakua.

Mwinuko wa Nairobi

Uwanja wa JKIA uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, hivyo injini na mabawa hupata nguvu kidogo wakati wa kuruka. Na safari ya masaa 15 inataka mafuta mengi. Ndege ikibeba mafuta ya kutosha, huenda ikalazimika kupunguza mizigo au abiria. Kuondoka usiku, hewa ikiwa baridi, kunasaidia. New York iko karibu na usawa wa bahari, kwa hiyo shida hiyo haipo wakati wa kurudi.

Hapa ndipo biashara inapobana: safari ndefu zaidi ndiyo inayoanzia uwanja mgumu zaidi. Kiti kisichouzwa hakilipi mafuta.

Tiketi isikuchanganye

Saa zinazoandikwa kwenye tiketi ni za mji husika. Ukiondoka Nairobi saa 6 usiku, unafika saa 2 asubuhi ya New York, utadhani umesafiri masaa 8 tu. Ukitoka kule saa 6 mchana, unatua Nairobi saa 3 asubuhi kesho yake, kama vile umesafiri masaa 21. Ni kwa sababu New York iko nyuma kwa masaa 7, au 8 majira ya baridi.

Je, inalipa?

Safari hii ilianza Oktoba 28, 2018, baada ya Marekani kuipa Kenya daraja la kwanza la usalama wa anga mwaka 2017. Kabla ya hapo ilikuwa lazima kupitia nchi nyingine, na mpaka leo wengi bado wanapitia Dubai, Doha au Ulaya kufuata nafuu ya bei.

Ila usilinganishe bei peke yake. Ukiunganisha ndege, safari inaweza kuzidi masaa 20, na ya kwanza ikichelewa unaweza kuikosa ya pili. Kijana mwenye begi moja atavumilia. Bibi anayekwenda kuona wajukuu, na Kiingereza hakijui, ndiye anayehitaji ya moja kwa moja. Kwake yeye, nyongeza ya bei ina maana.