Msaidizi wa AI akisema umelipwa, amesoma wapi?

Siku hizi hata mwenye biashara ndogo anaweza kuwekewa msaidizi wa akili bandia kwenye simu. Unamwandikia, "Mwitishe huyu mteja Sh2,400," naye anafanya. Wataalamu humwita wakala, lakini sisi wakala tunamjua, ni yule wa kuweka na kutoa pesa. Hapa nitamwita msaidizi tu.

Msaidizi huyu hupitia API, yaani mlango ambao programu moja hutumia kuomba huduma kwa nyingine. Ule wa Safaricom unaitwa Daraja. Kila huduma iliyo nyuma ya mlango, msaidizi huonyeshwa kama zana yenye jina na maelezo mafupi, na maelezo hayo ndiyo anayosoma akiamua atumie ipi. Model Context Protocol, utaratibu uliotolewa na kampuni ya Anthropic Novemba 2024, hufuata mtindo huo huo.

Kwa maoni yangu, maelezo hayo yasiachiwe fundi wa programu peke yake. Anayekaa kaunta lazima awe na usemi.

Chukua neno "malipo". Kwa Kiswahili chetu, malipo yaweza kuwa pesa inaingia au pesa inatoka. Zana moja ikiandikwa "hushughulikia malipo ya wateja" na nyingine "hufanya malipo kwa nambari ya simu", hata binadamu atasita. Msaidizi anaweza asiulize, achague moja tu.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye jibu. Fikiria hoteli ya kando ya barabara pale Maungu, malori yamesimama, madereva wamekula na kila mmoja ana haraka. Msaidizi anatuma ombi, dereva anaona simu inamwambia aweke PIN. Kwenye Daraja, jibu la kwanza likirudi na 0, maana yake ni kwamba ombi limepokelewa lishughulikiwe. Halisemi pesa imeingia. Matokeo yenyewe huja baadaye, na yanaweza kuwa 1032, yaani mteja amekatiza, au 1, salio halitoshi. Kama zana haijaeleza hivyo, msaidizi ataona ile 0 ya kwanza na kukuandikia "amelipa". Ukija kushtuka, lori liko Voi, ama limeshapita Mackinnon Road.

Kuna na kinyume chake. Mtandao ukizubaa, msaidizi anadhani ombi limekwama, anarudia, na dereva anaweka PIN mara mbili. Sasa ni wewe wa kuhangaika kurudisha pesa ya mtu ambaye hata jina lake hujui.

Mimi ningeandika zana hiyo hivi: "Omba pesa kutoka kwa mteja anayetaka kutulipa. Zana hii haitumi pesa kwa mtu yeyote. Nambari ya simu ianze na 254, bila alama ya kujumlisha wala nafasi. 0 kwenye jibu la kwanza ni ombi kupokelewa tu, usiseme mteja amelipa hadi matokeo yafike. Usitume ombi la pili kabla ya kuangalia hali ya lile la kwanza."

Ni sentensi tano tu. Mafundi wengine watasema mambo haya yote tayari yako kwenye nyaraka za API, kwa hivyo msaidizi apewe nyaraka nzima. Sikubali. Nyaraka zile ziliandikiwa mtu anayejenga mfumo, ambaye akikwama atamuuliza mwenzake. Msaidizi anahitaji onyo liwe palepale anapochagua zana, si kurasa nyingi mbali.

Kabla ya kukubali uwekewe kitu kama hiki, mwambie fundi akuonyeshe maelezo ya kila zana, kwa lugha unayosoma vizuri. Mpe pia kijana wako wa kaunta ayasome, kisha umuulize: ukiona 0, utamwachilia dereva aende? Akijibu ndiyo, maelezo yaandikwe upya. Zana ya kutuma pesa nje na ile ya kurudisha pesa ziwekewe sharti kwamba msaidizi akuonyeshe kwanza jina, nambari na kiasi, na asubiri ukubali. Sharti hilo fundi alifunge ndani ya mfumo pia, maana maelezo pekee hayamzuii msaidizi. Na PIN yako usimpe kamwe, hata akiiomba kwa adabu.